Wakili Aliyetuma Wakili

Sheria haikumruhusu wakili kusimama katika mahakama ya mwanzo, kwa hiyo yeye alisimama nje. Mimi nilikuwa karani wa mahakama ile ya Karatu, na dirisha langu lilitazama upande wa mikaratusi alipoegesha Landrova yake kuukuu. Asubuhi za Juni, baridi inapouma na ukungu haujainuka, ungemkuta keshafika, amejifunga skafu ya mkewe shingoni, amekalia tofali, mbele yake mkulima mmoja anatetemeka kuliko yeye.

Alikuwa anawafundisha kujisemea. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya kwetu kwa miaka mingi, na sijui kama aliwahi kulipwa zaidi ya kuku. Yeye mwenyewe alijigeuza hakimu, akakunja uso, akauliza kwa sauti ya puani: "Shamba ni la nani?" Mkulima akianza na habari za babu yake na njaa ya zamani, Wakili humkatiza. "Hakimu hajanywa chai," humwambia. "Sema ulichokiona kwa macho yako, kisha nyamaza. Ulichosikia mwachie aliyekiona."

Palikuwa na mama mmoja mjane, alishitakiana na shemeji yake juu ya mbuzi. Wakili alimfundisha karibu wiki nzima. Siku ya kesi aliingia akaongea vizuri mpaka wazee wa baraza wakatazamana. Kisha hakimu akamwuliza swali ambalo halikutarajiwa. Mama yule aligeuka dirishani kwangu, akapaza sauti kuelekea mikaratusini: "Wakili, hili hukunifundisha." Hakimu aliagiza dirisha lifungwe. Mbuzi alimpata, lakini toka siku ile nilifanya kazi dirisha limefungwa hata jua likiwa kali.

Sote tulimwita Wakili. Jina lake tulilijua, ila halikutumika, kama vile jina la padri halitumiki. Hata alipokuwa mheshimiwa, na watu wa mjini wakaanza kujikunja mbele yake, sisi wa zamani tuliendelea kumwita Wakili, na naamini alipenda hivyo.

Alikuwa mrefu na mwembamba, na mwoga wa ng'ombe. Hili la ng'ombe lilitufurahisha sana, maana sifa yake ya kwanza aliipata kwa kuwatetea wafugaji wa Ngorongoro waliokamatwa kwa kulima vibustani vya mahindi kule juu, wakati kilimo kilipopigwa marufuku. Ilimbidi aende mpaka bomani kwao kuchukua maelezo. Walimheshimu, wakampa nafasi nzuri ya kulala, karibu na ndama. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. "Karani," aliniambia, "ng'ombe ana macho ya hakimu aliyekwisha kuamua." Kesi ile alishinda nusu: waliachiwa, mahindi yaling'olewa. Alizoea nusu mapema, nadhani, na huenda ndiko kulikomharibu.

Kuhusu haki alikuwa anaongea bila kuchoka. Haki ya kusikilizwa hasa. Hiyo aliitaja kama mtu anavyotaja mtoto wake wa kwanza. Hakuna mtu anayehukumiwa bila kusikilizwa, alisema, hata mwizi wa kuku, hata mchawi. Lakini mkewe, ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mcheshi kuliko yeye, alituambia kwamba nyumbani kwake kesi zote husikilizwa na mtu mmoja na rufaa haipo. Wakili alikuwepo wakati linasemwa. Alitabasamu, akamimina chai, akajaza kikombe chake kwanza.

Aliwahi mahakamani kila siku na kuchelewa kila mahali pengine. Kwenye harusi alifika watu wanakunja mikeka. Msibani alifika kaburi limefunikwa, akasimama pale kofia mkononi, na kwa namna fulani wafiwa ndio waliomfariji yeye. Tulimsamehe. Mtu akikutolea ndugu yako rumande, humpimii saa.

Sasa niseme habari ya kaka yangu, maana bila yeye picha ya Wakili haikamiliki.

Kaka yangu mkubwa alikaa juu ya mlima Buger, katika kitongoji kilichopakana na msitu. Marehemu baba aliufyeka mlima ule akiwa kijana, akapanda uzio wa minyaa, akazaa, akazikwa pale. Siku moja walikuja watu na kamba na vigingi wakapima, wakasema mpaka wa msitu unapita chini ya nyumba ya kaka yangu, si juu yake. Kwa maneno mengine, kaka yangu, mkewe, ng'ombe zake, kaburi la baba na nyumba nyingine nyingi zilikuwa msituni bila kujua.

Wakili alilipeleka shauri lile Arusha, kwenye mahakama ambayo aliruhusiwa kuingia. Nilikwenda kama mkalimani wa kaka, maana Kiswahili cha kaka kilikuwa cha gulioni. Wakili wa upande wa pili alimwuliza kaka kama anaelewa umuhimu wa msitu. Kaka alijibu kwa Kiiraqw, nami nikatafsiri: "Naelewa. Maji yetu yanatoka humo. Msitu umekaa kwake, mimi nimekaa kwangu, na katikati kuna uzio wa baba. Hatujawahi kugombana." Jaji aliandika, akatabasamu kidogo, na mwisho wa yote akaamua kwamba mpaka ni ule uzio. Tulirudi Karatu nyuma ya lori la mahindi tukiimba. Wakili aliimba nasi, vibaya.

Baada ya ushindi ule watu walianza kumwambia agombee ubunge. Alikataa, akakataa tena, kisha akakubali. Nilimwuliza kwa nini. Alikuwa amekalia tofali lake, amechoka, vumbi jekundu limemjaa mpaka kwenye nyusi. "Karani, nimechoka kushinda shamba moja moja," alisema. "Nitashinda hapa, watapima kule. Nataka nikae pale wanapoamua wapi pa kupima."

Ukimsikiliza mtu aliyechoka kwa sababu nzuri, utamwambia nini?

Wakati ule wagombea wote wawili walitoka chama kimoja, na kila mmoja alipewa alama yake, mmoja jembe, mwingine nyumba. Wakili alipata nyumba. Alinuna siku nzima, maana kila mtu aliamini kuwa wakulima watapiga kura kwenye jembe. Akazunguka Karatu, Endabash, Mbulumbulu, akiwauliza watu, jembe bila nyumba utalilaza wapi? Watu walicheka wakampigia makofi. Jioni aliniambia kwamba katika maisha yake yote hajawahi kutetea hoja dhaifu namna ile, na kwamba ameshangaa ilivyokuwa rahisi. Alisema kama utani, lakini hakucheka.

Akashinda. Tukamsindikiza.

Mabadiliko yalianzia kwenye sauti. Wakili wetu alizoea kusema neno likaisha. Mheshimiwa alianza kusema "tutalifikisha panapohusika", akasema "suala hilo linafanyiwa kazi", akasema "tuvute subira". Suti ya Kaunda ilimkaa vizuri. Ile Landrova aliiacha kwa fundi mmoja pale mjini, kuku wakatagia ndani. Alikuwa bado anakuja, ila sasa alikuja na wenzake, na mtu alipotaka kumweleza shida yake, mmoja wa wale wenzake alitoa kalamu na kuandika, na Wakili akawa anatazama pembeni. Sukari ilikuwa haipatikani, sabuni ilikuwa haipatikani, watu walikuwa na mengi ya kueleza. Nilimwona anavyochoka. Mashavu yaliingia ndani. Mara moja aliniuliza, "Karani, bado wanakalia lile tofali?" Nikamwambia hakuna anayelikalia.

Kisha wale wa kamba na vigingi walirudi Buger. Safari hii hawakuwa na shauri la mahakamani. Walikuwa na amri kutoka juu. Mpaka umesogezwa kwa faida ya taifa, wananchi wa kitongoji cha juu watahamia Endabash, watapewa mashamba.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa shule. Jukwaa lilijengwa kwa mbao mpya, na Wakili alikaa juu yake, kiti cha tatu kutoka kushoto. Mimi nilisimama chini pamoja na kaka. Wakubwa waliongea, mmoja baada ya mwingine, kisha akapewa Wakili nafasi ya kufunga. Alisimama. Nilitegemea alichokitegemea kila mtu. Akasema, "Ndugu wananchi, serikali yetu ina nia njema. Nawaombeni hameni kwa amani. Mtavuna kwanza, ndipo mhame." Akaketi.

Kaka yangu alinyoosha mkono. Mwenyekiti wa mkutano akasema muda umekwisha. Kaka hakuushusha mkono. Wakili alimwona, nina hakika alimwona, maana macho yao yalikutana. Kisha Wakili akatazama viatu vyake.

Walivuna, wakahama. Yale mashamba ya Endabash yalikuwa na wenyewe, watu waliokuwa wakilima pale tangu zamani, nao kwa haki kabisa wakakataa kusogea. Kaka yangu, ambaye alikuwa na mlima, akaanza kukodi kipande kwa mtu aliyemzidi umri kidogo tu. Mahindi ya mwaka ule yalikauka yakiwa kiunoni. Kila nilipomtembelea alikuwa amepungua, na mkewe alikuwa ameacha kuimba anaposaga. Niliumia mpaka nikashindwa kula pale kwao.

Wazee wetu walikutana. Sisi Wairaqw tuna njia ya kushughulika na mtu aliyewakosea watu wa eneo, nayo haina polisi wala jela. Mtu hutengwa. Hakuna anayempa moto wala kuchukua moto kwake. Hakuna anayemsalimu wala kuitikia salamu yake. Anayemsalimu naye hutengwa. Na hali hiyo huendelea mpaka mwenyewe aje mbele ya wazee, alete kondoo na pombe ya asali, aseme alichofanya. Lakini kabla ya kumtenga humwita kwanza, wamsikilize. Walimwita Wakili.

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo mtu mwingine yeyote asingelifanya. Alituma wakili.

Alikuwa kijana kutoka Arusha, msafi, mwenye tai na mkoba, mpole wa maneno. Alisimama katikati ya wazee wale wenye mablanketi akasema kwamba anamwakilisha mheshimiwa, ambaye ana vikao. Mzee aliyeongoza baraza, mwenye jicho moja lililofunikwa na mtoto wa jicho, alimsikiliza hadi mwisho. Mimi nilitafsiri.

"Mwanangu," mzee akamwuliza, "siku ile ulikuwa jukwaani?"

"Hapana, mzee."

"Umehamishwa wewe?"

"Hapana."

"Basi umeona nini kwa macho yako?"

Kijana alinitazama mimi, kana kwamba nimetafsiri vibaya. Walimpa maziwa, akanywa, wakamsindikiza barabarani kwa heshima. Alasiri ile wakamtenga Wakili.

Habari zilipomfikia, waliokuwa karibu naye walisema alicheka. Alisema kwamba hiyo ni adhabu isiyojulikana kisheria. Alisema pia, na hili ndilo lililoniudhi nisipate usingizi, kwamba amehukumiwa bila kusikilizwa. Aliwaandaa watu miaka yote ile wasimame wenyewe waseme, yeye alipoitwa akaona ni dogo, la kutuma mtu.

Karatu ni mji wa watu wengi. Vibarua wa mashamba ya kahawa, watu wa Singida na Dodoma, waliendelea kumwamkia. Wenye magari ya watalii waliendelea kumpigia honi. Mtu mgeni asingeona kitu. Lakini sisi tuliona. Gari lake lilizama tope njia ya Endabash, watu wakapita na majembe yao begani wakakwepa dimbwi. Alikwenda msibani, akafika amechelewa kama kawaida yake, akasimama na kofia mkononi, na safari hii hakuna mfiwa aliyemfariji. Uchaguzi uliofuata alipewa jembe, alama aliyoililia zamani, akaanguka.

Mimi nilikutana naye posta. Alinisalimu. Nilitazama mlango. Aliendelea kuongea, taratibu, kama mtu anayezoea kuongea na ukuta.

"Karani, walitaka kuwatoa watu wa Buger wiki ile ile," alisema. "Moto kwenye nyumba, mahindi yakiwa shambani. Niliwaomba, nikapata mpaka mavuno. Nikaambiwa nikikataa kusema jukwaani, hata mavuno hayapo."

Nilikuwa nimeshika barua za mahakama. Nilisikia kila neno na sikujibu neno. Niliondoka na hasira, na sikujua hasira ile ni juu ya nani hasa: juu yake, juu ya wakubwa wale, au juu ya wazee wangu walionifunga mdomo. Nilimpenda mtu yule. Kumpita njiani bila salamu kulinichosha kuliko kazi yoyote niliyofanya katika maisha yangu.

Miaka ilikwenda hivyo. Alirudia uwakili, lakini nje ya mahakama yetu hakuja tena. Wateja wake walikuwa wa Arusha, wenye maduka. Nilisikia ana sukari. Nilisikia mguu mmoja umekatwa kidole. Kisha, mwishoni mwa miaka ya themanini, mkewe alikuja kwa wazee peke yake, kwa miguu, akasema mume wake anaomba siku.

Baraza lilikaa Endabash, kwenye kivuli cha nyuma ya zizi la kaka yangu, maana wengi wa waliohamishwa walikuwa huko. Alikuja na kondoo, na pombe ya asali iliyopikwa na jirani wa Dodoma kwa maelekezo ya mkewe, wala haikuwa tamu. Alikuwa amekwisha. Kola ya shati ilimzunguka shingo bila kuigusa. Ng'ombe wa kaka walikuwa nyuma ya miti ya zizi, karibu naye kabisa, wanapumua, na hakuwasogelea wala kuwakimbia.

Alianza kwa Kiiraqw, kibovu, kisha akaomba ruhusa aendelee kwa Kiswahili. Nikasogea kutafsiri. Akasema, "Nilikaa jukwaani. Nilijua mashamba ya huku yana wenyewe. Nikawaambia mhame. Mlinyoosha mkono, nikauona. Mliniita, nikatuma mtu."

Nilikuwa nangoja habari ya mavuno. Nilikuwa nimekwisha kuyapanga maneno yake kwa Kiiraqw, mazuri, nisiliharibu hata moja. Hakuyasema.

"Una la kuongeza?" mzee akauliza.

"Sina."

Nilifungua mdomo niyaseme mwenyewe. Wakili alinitazama akatikisa kichwa, kidogo tu, nikaufunga.

Kaka yangu alisimama. Hakupaza sauti. "Wakili," alisema, "kwa nini hukukataa?"

"Niliogopa."

"Hata sisi tuliogopa," kaka akasema. "Ndiyo maana tulikupeleka wewe. Tulidhani utaogopa kidogo kuliko sisi."

Wakili aliitikia kwa kichwa. Alikuwa analia, na hakujificha.

Kondoo alichinjwa, pombe ikanywewa, mzee akaomba ile sala ndefu ya kufungia baraza, nasi tukaitikia. Kisha watu wakamsalimu mmoja mmoja. Mimi nilishindwa kuuachia mkono wake kwa muda, na ulikuwa mwepesi, mifupa mitupu. Kaka yangu alikuja wa mwisho. Alimpa mikono yote miwili akamwuliza habari za nyumbani.

Gari lilipoondoka naye, nilimfuata kaka zizini. Nilishindwa kuvumilia. Nikamweleza yote ya posta: kwamba yale mavuno ya mwisho, gunia kwa gunia, aliyaombea Wakili, na bei yake ilikuwa maneno yale ya jukwaani.

Kaka aliendelea kuufunga mlango wa zizi. "Najua," alisema. "Mwenyekiti wa kijiji aliniambia mwaka ule ule."

"Na ukanyamaza miaka yote hii?"

"Nilitaka nione kama atakuja kujitetea nalo."

"Na kama angejitetea nalo?"

"Angesema kweli," kaka alisema. "Ila nisingempa mkono."

Alichukua jembe akaenda kupalilia kile kipande cha kukodi, maana mvua ilikuwa karibu.